Uzi: Pumzi ya mtoto wa shule hapa Bukavu, na kwa nini mizani peke yake haitoshi kutueleza hali ya moyo wake

Mwalimu Uwanjani (Kadutu) ameandika:

Wazazi, walimu wenzangu, na ndugu wote mnaosoma hapa, ninawasalimu kutoka Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Ninafundisha michezo ya mwili katika shule moja ya mji wetu, na mwaka huu wa masomo nimeanza kuwapima wanafunzi wangu pumzi, yaani kuwakimbiza kwa mwendo unaoongezeka kila dakika hadi washindwe. Watoto wawili wa darasa moja ndio walionisukuma kuandika. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 12, mwembamba kama unyasi, ambaye watu humsifu kwa afya kwa sababu tu hana kitambi, na ambaye kila asubuhi huletwa kwa pikipiki hadi langoni. Wa pili ni msichana wa umri huohuo, mnene kiasi, ambaye wenzake walimcheka alipojipanga kwenye mstari, lakini ambaye kila siku hupanda ngazi za mtaa wao akiwa na dumu la maji. Mvulana alisimama kabla dakika ya pili haijaisha, mikono ikiwa magotini na midomo imempauka. Msichana alikimbia hadi dakika ya sita ikaisha, na waliomcheka walikuwa wamekwisha kukaa chini zamani.

Siku ile nilitambua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikihukumu afya ya watoto kwa macho, na macho yalikuwa yakinidanganya. Ninachotaka kukisema katika uzi huu ni kwamba uwezo wa moyo, mapafu na misuli kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuchoka upesi ni dalili ya afya inayostahili kupimwa kwa kila mtoto wa shule, awe mnene au mwembamba, wa tajiri au wa maskini, na kwamba hapa kwetu huenda mtoto mwembamba ndiye tunayemsahau zaidi.

Kipimo chenyewe hakihitaji fedha. Kilibuniwa Montréal, Kanada, na Luc Léger na wenzake, wakakichapisha mwaka 1982, kisha mwaka 1988 wakakieleza upya pamoja na hesabu za watoto. Unapima mita 20 kwenye ardhi iliyo sawa, unachora mistari miwili, na watoto wanakimbia kwenda na kurudi wakifuata mlio. Mwendo huanza kilomita 8.5 kwa saa na huongezeka nusu kilomita kila dakika. Mtoto anayeshindwa kufika kwenye mstari kabla ya mlio, mara mbili mfululizo, anatoka. Kutokana na kasi ya dakika ya mwisho na umri wake, hesabu ya Léger hukadiria kiasi cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kutumia kwa dakika moja kwa kila kilo ya uzito.

Mwaka 2016 watafiti waliounganisha matokeo ya nchi mbalimbali walipendekeza kwamba mvulana aliye chini ya mililita 42, na msichana aliye chini ya mililita 35, aangaliwe kwa makini, kwa sababu chini ya hapo hatari za moyo huanza kukusanyika: shinikizo la damu, mafuta mabaya katika damu, na sukari inayopanda. Kwa hesabu hiyo, mvulana wa miaka 12 anapaswa kuimaliza dakika ya nne, na wa miaka 14 dakika ya tano. Mvulana wangu wa pikipiki yuko mbali sana na hapo.

Mwalimu Uwanjani (Kadutu) ameandika:

Ninaendelea, kwa kuwa mwenzangu mmoja ameniuliza faraghani pumzi inahusianaje na sukari.

Fikirini wachota maji wawili. Mwenye dumu la lita 20 hupanda mlima mara moja pale ambapo mwenye dumu la lita 5 anapanda mara nne. Moyo uliozoezwa ni dumu kubwa: kila pigo husukuma damu nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo mapigo hupungua mtoto anapopumzika. Mishipa nayo, inapopitiwa na damu yenye kasi mara kwa mara, hutoa kemikali inayoilegeza, na shinikizo hushuka.

Kwenye misuli ndiko kwenye jambo linalonishangaza kila ninapolifundisha. Msuli unaojikunja huchota glukosi, yaani sukari, kutoka kwenye damu hata bila kungoja amri ya insulini, homoni ya kongosho inayoziambia seli zichukue sukari. Ndani ya seli zake mna protini inayobeba glukosi, ambayo wataalamu huiita GLUT4; mtoto akiwa ameketi, sehemu kubwa yake imejificha ndani ya seli, na msuli unapofanya kazi hupanda hadi kwenye utando na kuifungulia sukari njia. Baada ya mbio, msuli hubaki ukiisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili hivi, kisha hali hurudi ilivyokuwa. Ndiyo maana saa moja ya jimnastiki kila Ijumaa haiwezi kutosha, hata ikifundishwa vizuri kiasi gani. Kufikia Jumatatu faida hiyo ya msuli imekwisha kuyeyuka.

Wengine watasema kwamba haya ni maradhi ya wazee. Huko Bogalusa, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia watoto mwaka 1973, na baadhi ya vijana wale walipofariki, wengi wao kwa ajali, mishipa yao ya moyo ilichunguzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba michirizi ya mafuta ilikuwa imekwisha kuanza, na ilikuwa mingi zaidi kwa wale waliokuwa na vihatarishi vingi kwa pamoja. Mzee anayeanguka kwa tansio, yaani shinikizo la damu, akiwa na miaka 55 huenda alianza safari hiyo akiwa kwenye dawati.

Mama Neema (Nguba) ameandika:

Mwalimu, ninakuheshimu na ninashukuru kwa maelezo yako, lakini maneno kuhusu pikipiki yameniuma, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wazazi hao. Simpeleki mwanangu kwa pikipiki ili ajivune mbele ya wenzake. Ninampeleka kwa sababu malori huteremka mlima breki zikiwa zimechoka, kando ya barabara hakuna mahali pa kupita kwa miguu, na mvua ikinyesha tope hufika magotini. Je, unataka nimtembeze mtoto penye hatari ya leo ili nimkinge na ugonjwa wa miaka 40 ijayo?

Mwalimu Uwanjani (Kadutu) ameandika:

Mama Neema, nisamehe, na ninakubali kwamba nilipaswa kuandika kwa uangalifu zaidi. Hakuna mzazi wa mji huu anayestahili lawama kwa kumkinga mtoto wake na lori. Kosa ni la barabara, wala si lako.

Hata hivyo, pikipiki imemnyang'anya mtoto kitu ambacho sisi tulikipata bila kukiomba. Tulikulia kwenye miteremko. Kutoka Kadutu kushuka hadi Nyawera na kurudi, mara mbili kwa siku, kulikuwa mazoezi makali kuliko yote ninayoweza kuyapanga uwanjani, na hakuna aliyeyaita mazoezi. Anayepanda pikipiki anahitaji kurudishiwa kazi hiyo mahali pengine. Kamba ya kuruka ndani ya parsele, yaani ua wa nyumba, dakika tatu za kuruka na moja ya kupumzika, mara nne au tano, inatosha kuanzia, na haihitaji barabara. Akiweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, aongeze mwendo. Asipoweza kutamka hata neno moja, apunguze.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli za wastani au za nguvu, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli za nguvu zinazopandisha mapigo ya moyo. Dakika hizo si lazima zipatikane kwa mkupuo.

Msomaji wa Tiba (Ibanda) ameandika:

Mwalimu, ninasoma udaktari, na kwa heshima zote nina pingamizi moja. Kipimo cha mita 20 hakipimi oksijeni bali kinaikadiria, na makadirio hayo yanagawanywa kwa uzito mzima wa mwili, yakiwemo mafuta ambayo hayakimbii. Kwa hiyo mtoto mnene anaweza kuonekana ana moyo dhaifu ilhali moyo wake ni mzima, ila anabeba mzigo. Mtafiti Neil Armstrong (si yule wa mwezini) wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, ameandika kwa ukali juu ya jambo hili pamoja na mwenzake Welsman. Isitoshe, sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako msukumo wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 16. Viwango vilivyowekwa kwa watoto wa mahali pengine haviwezi kuhamishiwa Bukavu bila tahadhari.

Mwalimu Uwanjani (Kadutu) ameandika:

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki, na limenilazimisha kubadili jinsi ninavyoandika daftari langu. Nilikuwa nimeanza kuandika mililita mbele ya kila jina kana kwamba ni alama za mtihani. Sasa ninaandika dakika na idadi ya mizunguko tu, na ninamlinganisha mtoto na yeye mwenyewe: Oktoba, kisha Februari, kisha Juni. Urefu wa mlima ni uleule, uwanja ni uleule, na filimbi ni ileile. Mvulana niliyemtaja hapo juu ameanza kuifikia dakika ya tatu, na kwangu hilo lina maana kuliko namba 42. Ninajua pia kwamba mazoezi hayamgeuzi mtoto kwa muujiza. Baada ya wiki kadhaa za kazi nzuri, uwezo wake wa oksijeni huongezeka kwa kati ya asilimia 5 na 10 hivi.

Lakini nisingependa tahadhari itufanye tukae bure. Kipimo hiki kimefanywa katika nchi nyingi kiasi kwamba mwaka 2016 watafiti waliweza kuunganisha matokeo ya watoto 1,142,026 kutoka nchi 50, na waliokuwa juu kuliko wote walikuwa watoto wa Tanzania, wakifuatwa na wa Iceland, Estonia, Norway na Japani. Jirani zetu, wanaosema lugha yetu na kwenda shule kwa miguu kama sisi tulivyokwenda, ndio waliokuwa mbele. Na katika utafiti wa watoto wa miaka 9 na 15 wa Denmark, Estonia na Ureno, wenye pumzi ndogo ndio waliokuwa wakikusanya vihatarishi vya moyo kwa pamoja, bila kujali nchi, umri au jinsia. Namba moja ya mtoto mmoja inaweza kukosea. Mwelekeo wake katika watoto wengi ni mgumu kuupuuza.

Papa Bahati (Bagira) ameandika:

Mwalimu, mnazungumza juu ya pikipiki na wanene, lakini njoo huku kwetu. Mtoto anatoka nyumbani bila chai, anarudi saa saba kula bugali na sombe (majani ya muhogo), na siku nyingine sombe haipo. Mtoto wa namna hiyo ukimkimbiza hadi aanguke, unamtafutia nini? Moyo wa maskini hauna haja ya kupunguzwa mafuta.

Mwalimu Uwanjani (Kadutu) ameandika:

Papa Bahati, swali lako ndilo kiini cha uzi wote, na ninaomba nilijibu kwa urefu.

Kwanza, una haki kabisa kwamba mtoto aliyeamka bila kula hapaswi kufanyiwa kipimo cha kumaliza nguvu. Ninawauliza watoto wote kabla ya kuanza, mmoja mmoja na kwa sauti ya chini ili asiwepo wa kuaibika, na asiyekula anakuwa mshika filimbi au mhesabu mizunguko siku hiyo. Uji wa shule ungetatua jambo hili vizuri zaidi kuliko mimi.

Pili, ndugu yangu, ni makosa kudhani kwamba njaa ya utotoni humkinga mtu na kisukari au tansio. Inaelekea kufanya kinyume. David Barker, daktari Mwingereza, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watu waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo walipokuwa watu wazima. Mwili uliojengwa katika uhaba hujifunza kubana matumizi: huweka mafuta tumboni kwa urahisi, kongosho lake lina nguvu ndogo ya kutoa insulini, na msuli wake ni mchache. Nasi hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta ushahidi. Lwiro, katika eneo la Kabare, kaskazini mwa mji wetu, watafiti waliwatafuta watu wazima ambao kati ya mwaka 1988 na 2007 walitibiwa utapiamlo mkali wakiwa watoto, wakawalinganisha na watu wa jamii ileile ambao hawakuupata. Waliougua utapiamlo walikuwa na matatizo zaidi ya sukari katika damu na mkusanyiko zaidi wa vihatarishi vya moyo. Wale ni watoto wetu, na wengine wao leo ni wazazi wa wanafunzi wangu.

Kwa hiyo mtoto mwembamba wa Bagira aliyenusurika na kwashakoo akiwa na miaka miwili ana haja kubwa ya msuli wenye nguvu na moyo mpana, kwa sababu siku moja, Mungu akijalia, atapata kazi ya kukaa, atakula mikate myeupe na kunywa sukre, yaani soda, na mwili wake hautakuwa umejiandaa kwa wingi huo. Chupa moja ya kola ya mililita 330 ina gramu 35 hivi za sukari. Mtoto huyu anahitaji chakula kwanza, ndiyo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, ni protini nzuri pale mfuko unaporuhusu, lakini chakula bila kazi ya misuli hakijengi kila kinachohitajika.

Muuguzi wa Asubuhi (Ibanda) ameandika:

Mwalimu, ninakuunga mkono, ila ninakuomba uongeze ulinzi. Kuna watoto wasiopaswa kukimbizwa hadi mwisho wa nguvu zao. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambaye wazazi wengi husema tu kwamba ni SS, anaweza kupata maumivu makali na hata kupoteza maisha akichoka sana au akikosa maji. Mtoto aliyeumwa koo mara kwa mara, kisha akavimba viungo, huenda vali za moyo wake zimeharibika kwa homa ya rumatizimu, na maradhi haya bado yapo katika mitaa yetu. Mwenye pumu aanze polepole na awe na dawa yake karibu. Mtoto yeyote anayezirai au kuumwa kifua wakati anakimbia aende kwa daktari kabla ya kurudi uwanjani.

Kuhusu tansio, tafadhali msiwapime watoto kwa mkanda wa watu wazima, kwa maana mkanda mkubwa kwenye mkono mdogo huonyesha namba ya chini kuliko ilivyo. Mtoto aketi kimya dakika tano kwanza. Na kama hamna chochote, chukueni uzi: pimeni urefu wa mtoto kwa uzi, ukunjeni katikati, kisha uzungusheni kiunoni. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi kiasi, hata kama mizani haisemi neno.

Mama Neema (Nguba) ameandika:

Asante, Muuguzi. Jana jioni nimefanya hivyo kwa wanangu watatu, na kwa mkubwa ncha hazikukutana. Mwalimu, huyo ni msichana wa miaka 13, na tangu mwaka jana hataki tena kucheza. Nifanye nini?

Mwalimu Uwanjani (Kadutu) ameandika:

Mama Neema, usimwambie kwamba amenenepa. Ninakuomba hilo kabla ya yote.

Katika balehe mwili wa kila mtoto, hata mwembamba, huwa mgumu kuisikia insulini kwa muda, na kongosho hulazimika kutoa zaidi. Ni jambo la asili na hupita. Lakini ni katika miaka hiyohiyo wasichana wetu huacha kucheza, yaani msaada wa msuli unaondoka pale unapohitajika zaidi. Takwimu za dunia za mwaka 2016 kwa vijana wa miaka 11 hadi 17 zilionyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana na asilimia 78 ya wavulana hawakufikia shughuli za kutosha. Sababu ninaziona kila siku: sare inayobana, hofu ya kuchafuka wakati wa hedhi pasipo choo chenye maji, na mpira mmoja ambao wavulana wameuteka. Nilipowauliza wasichana wa darasa la saba wanataka nini, hawakuomba mpira. Waliomba nzango, mchezo wetu wa wasichana wa kuruka na kupiga makofi. Nimewatengea kona ya ua nyuma ya madarasa, ambako wavulana hawapiti, na wanaruka, wanapiga makofi na kuimba kwa dakika 20 wakati wa rekreasio, yaani mapumziko. Nimewahesabu mapigo ya moyo baada ya mchezo, na mengi yalizidi 160 kwa dakika. Mwulize mwanao anapenda nini, kisha umtafutie wenzake wawili.

Papa Bahati (Bagira) ameandika:

Nimekuelewa, Mwalimu, nami nimezungumza na mkurugenzi wa shule ya huku. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, ua wetu umejaa watoto kiasi kwamba hakuna pa kukimbilia, na wote umeinama kama paa la nyumba. Mita 20 zilizo sawa tutazipata wapi? Na mlio tutautoa wapi, ikiwa umeme hauji?

Mwalimu Uwanjani (Kadutu) ameandika:

Papa Bahati, ombeni ukumbi wa parokia siku za kazi, au barabara ya mtaa iliyo sawa kabla ya saa mbili asubuhi, watu wazima wawili wakiwa wamesimama kwenye ncha zake. Msikimbizie kwenye mteremko, kwa sababu hesabu itaharibika na magoti pia.

Mlio ni saa ya mkononi yenye sekunde na filimbi. Katika dakika ya kwanza, pulizeni kila sekunde 8.5. Katika ya pili, kila sekunde 8. Katika ya tatu, sekunde 7.6, ya nne, 7.2, ya tano, 6.9, ya sita, 6.5. Fanyeni mazoezi ya kupuliza mkiwa wawili, mmoja akitazama saa na mwingine akipuliza, kwa maana mtu mmoja huchelewa. Watoto kumi kwa zamu moja wanatosha, na kila mkimbiaji awe na mwenzake anayemhesabia mizunguko kwa kalamu. Andikeni tarehe, saa, na kama uwanja ulikuwa umelowa.

Jumamosi hii sina darasa. Nikipata gari la kwenda Bagira nitafika saa tatu na kamba yangu ya mita 20, tuupime ukumbi pamoja.